Kitambi Changu na Ndege wa Michenga

Nilipopangiwa kufundisha biolojia Ifakara nilifika na shahada moja na kiuno chembamba. Ilipofika katikati ya miaka ya tisini shahada ilikuwa bado ile ile moja, lakini kiuno kilikuwa kimejiendeleza chenyewe bila kuomba ruhusa ya mwajiri.

Sikufanya juhudi yoyote ya pekee. Nilipanga chumba Katindiuka, na njia ya kutoka mlangoni kwangu hadi shuleni ilipita katikati ya akina mama wa vitumbua, ambao hawakuhitaji kuniuliza nataka vingapi. Kitumbua cha mchele mpya, kikitoka kikaangoni, kina namna yake ya kumsimamisha mtu mzima mwenye haraka. Bonde lile ni la mpunga. Asubuhi tulikula wali uliolala, mchana wali, jioni wali. Ugali ulikuwa chakula cha kupumzisha mdomo. Mtu akikutana nami baada ya likizo hakuniuliza habari za safari. Alinitazama tumbo akasema, "Mwalimu, umenawiri," nami nikajibu, "Tunamshukuru Mungu," kama vile Mungu ndiye aliyekuwa anakaanga.

Kitambi hicho kilinisaidia kuposa. Mchumba wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi pale mjini, mwenye ulimi mwepesi na uvumilivu mdogo kwa wanaume wanaojisikia, kwa hiyo mpaka leo sijui alinikubalia nini. Wazazi wake walikuwa wakulima wa Michenga, watu ambao babu zao waliteremka kutoka upande wa Mahenge kufuata mpunga. Nilikwenda kwao na mshenga wangu, katekista mstaafu aliyekuwa na sauti ya kuhubiri hata anapoomba chumvi. Baba wa mchumba, mzee mrefu, mkavu kama mpini wa jembe, alinitazama kwa muda, kisha akamuuliza mshenga kana kwamba mimi sipo:

"Anakula vizuri?"

"Mzee, mtazame mwenyewe. Ugonjwa ukimwona huyu unapita njia nyingine."

Nyuma ya ukuta wa matete nilisikia kikohozi cha kike, kikohozi cha mtu aliyeridhika. Huyo alikuwa mama mkwe. Katika ukoo ule mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni wala kusemezana mpaka ndoa ifungwe, kwa hiyo kwa miezi mingi mimi nilimfahamu kwa kikohozi, naye alinifahamu kwa mgongo, maana alikuwa akisubiri nigeuke ndipo achungulie. Posa ikakubaliwa. Harusi ikapangwa baada ya mavuno.

Ugonjwa haukupita njia nyingine. Ulipita kiunoni, palepale mkanda unapobana, kwa umbo la jipu. Nilikuwa ninawafundisha kidato cha tatu habari za chembe nyeupe za damu, jinsi zinavyouzingira ubaya na kuumeza, na nilifundisha somo zima nimesimama kwa sababu sikuweza kukaa. Jipu lile lilipasuliwa hospitali, likachukua muda mrefu kufunga. Kabla halijafunga likaja jingine upande wa pili, kama ndugu aliyesikia kuna nafasi. La tatu lilikuja na homa iliyonilaza chini, na hapo ndipo daktari aliponiita ofisini kwake na kufunga mlango.

Alikuwa kijana wa rika langu, aliyerudi karibuni kutoka masomoni ng'ambo, mwembamba sana, na kwa sababu hiyo wagonjwa wengi hawakumwamini. Alikuwa amenipima sukari. Akasema bado, ila nimekwisha kubisha hodi. Alikuwa pia amepima jinsi damu yangu inavyotuama: wanaisimamisha kwenye kimrija chembamba na kutazama chembe zinavyozama. Zikizama haraka, mwilini kuna moto.

"Hii ilikuwa wiki iliyopita, kabla ya jipu hili la tatu," alisema. "Hukuwa na homa wala kifua, kidonda kimoja kidogo tu kiunoni. Lakini damu yako ilizama kama ya mtu aliyelazwa. Mwili wako uko vitani, Mwalimu."

"Na nani?"

"Na wewe." Akaelekeza kalamu yake kwenye vifungo vya shati langu, ambavyo vilikuwa vinafanya kazi ngumu. "Haya mafuta unafikiri ni nini?"

Nilimjibu kama nilivyokuwa ninawaandikisha wanafunzi: mafuta ni ghala la nishati, hutunza joto la mwili.

"Hivyo ndivyo tulivyofundishwa sote. Sasa wanaanza kusema siyo ghala. Ni ofisi. Inatuma ujumbe kwenye damu mchana na usiku, hasa haya ya tumboni. Ofisi ikijaa kupita kiasi, ujumbe wenyewe ni mmoja tu: kuna hatari, kuna hatari."

Kisha akanipa mfano ambao sijausahau, kwa sababu wakati ule mgambo wa mjini walikuwa wakikimbizana na wauza nyanya kila asubuhi. Chembe zako za kinga, alisema, ni kama mgambo walioambiwa kila saa kwamba sokoni kuna mwizi. Hawalali. Wanapiga filimbi, wanavunja milango ya watu wasio na hatia: magoti yako, mishipa yako, ini lako. Mwizi wa kweli akija, mdudu mdogo tu wa kwenye ngozi, anawakuta wamechoka, wengine wamelala, wengine wanapiga ukuta. Ndiyo maana jipu linakuja juu ya jipu, na kidonda hakifungi.

Miaka mingi baadaye nilikuja kusoma kwamba hata daktari wangu alikuwa amesema kidogo. Ilionekana kwamba mafuta yakizidi, askari wenyewe wanahamia humo, wanajazana kati ya chembe za mafuta na kuendesha vurugu kutoka ndani. Lakini wakati ule haya yalikuwa mambo mapya kabisa, na mimi nilikuwa mtu wa kwanza katika wilaya nzima kuambiwa kwamba tumbo langu linaandika barua.

"Dawa yake?" niliuliza.

"Antibiotiki kwa jipu hili. Kwa mengine yote, punguza mwili."

"Daktari, mimi naoa mwaka huu."

"Ndiyo nakwambia mapema. Siku moja jipu kama hili litaingia kwenye damu, na hapo sitakuwa na mfano wa kukupa."

Kwa wasioikumbuka miaka ile, lazima nieleze kwa nini ushauri huu ulinitisha kuliko jipu. Tulikuwa tunazika. Kila mtaa ulikuwa na nyumba ambayo mtu wake alianza kulegeza mkanda, kisha akaanza kuvaa sweta mchana, kisha hakuonekana tena. Dawa hazikuwapo. Mtu akipungua, hata kwa malaria ya wiki moja, watu walimsalimia kwa sauti ya chini, na alipopita waliambiana kwamba amekanyaga waya, maana ukimwi haukutajwa kwa jina. Unene ulikuwa cheti. Mwanaume aliyekuwa mnene wakati wa posa, akafika kanisani amekonda na ana makovu ya vidonda kiunoni, hakuna mzazi ambaye angemkabidhi binti yake. Mimi mwenyewe nisingemkabidhi.

Nilimweleza mchumba wangu yote, nikitarajia machozi. Alinisikiliza huku akisahihisha madaftari ya hesabu.

"Kwa hiyo ukinenepa unaumwa, ukikonda huoi," alisema.

"Ndivyo."

"Nenda kaamie kwa baba."

Kuamia ni kulinda mpunga usiliwe na ndege. Mpunga unapoanza kujaza punje, familia za bondeni huhamia mashambani na kukaa huko wiki kwa wiki, juu ya dungu, kile kibanda cha miti kilichoinuliwa kwa nguzo, wakipiga kelele tangu alfajiri mpaka machweo. Wote hurudi wamekonda, weusi kwa jua, sauti zimekauka. Huo ndio ukondefu pekee ambao hakuna aliyeuliza sababu yake.

"Utakonda mbele ya macho yao wenyewe," mchumba alisema. "Watasema ni kazi ya baba. Na watakusifu."

Nilimtazama mwanamke huyu nikaona kwamba akili ya nyumba yetu ilikuwa tayari imegawanywa, na fungu langu lilikuwa dogo.

Basi Aprili na Mei, kila Ijumaa baada ya vipindi, nilipanda baiskeli ya Kichina na kukanyaga hadi Michenga, mara nyingine nikiibeba mimi badala ya yenyewe kunibeba, kwa sababu ya matope. Likizo ya Juni ilipofika nikahamia kabisa. Baba mkwe alifurahi kupita kiasi. Zamani mchumba wa binti alikuja kulima kwa wakwe, aliniambia, lakini siku hizi waliosoma hutuma vibarua. Akawatembeza jirani zake mpaka chini ya dungu langu ili wamwone msomi akipigia ndege kelele.

Kazi yenyewe haikuwa na siri. Kamba zilifungwa kutoka dunguni hadi kila kona ya shamba, zimetundikwa makopo yenye kokoto. Kundi la kwelea kwelea likitua upande mmoja unavuta kamba, wanahamia upande wa pili, unavuta nyingine, wanarudi. Wakizoea makopo unashuka na kombeo, unakimbia kwenye njia za shamba ukirusha madonge ya udongo. Nilikuwa nikiweka kitambaa safi juu ya kidonda kila asubuhi, kama daktari alivyoagiza, na kidonda kilikaa kikavu huku sehemu nyingine zote za mwili wangu zikilowa. Siku za kwanza nilihema kama cherehani. Nilijiambia kwamba kwa mwendo ule, mwezi wa saba nitakuwa kama daktari.

Nilikuwa nimemsahau mama mkwe.

Alikuwa na desturi yake. Jua likifika utosini alikuja kwa njia ya nyuma, akaweka bakuli lililofunikwa kwa kawa juu ya kichuguu, akapiga makofi, akaondoka bila kugeuka. Mimi nikisikia makofi nilihesabu pumzi kadhaa za heshima, ndipo nikashuka. Ndani mlikuwa na wali wa nazi uliokandamizwa mpaka ukawa na umbo la bakuli, na juu yake kambale wa kukaanga kutoka kwa wavuvi wa Mofu, vipande vya kiunoni, vile ambavyo baba mkwe mwenyewe hakupewa. Jioni lilikuja bakuli jingine.

"Usije ukarudisha chakula," mchumba alikuwa amenionya tangu mwanzo. "Kwetu bakuli la mama mkwe halirudi na kitu. Likirudi na chakula maana yake umeikataa nyumba. Shangazi yangu mmoja aliachika kabla ya kuolewa kwa kitonge kimoja alichobakiza mchumba wake."

Kwa hiyo nilikula. Nilitokwa na jasho asubuhi kwa ajili ya daktari na nikala mchana kwa ajili ya ndoa. Mwisho wa Aprili nilikwenda hospitali kupimwa uzito, na yule daktari akausogeza mzani, akautikisa, akaniomba nishuke nipande tena.

"Ulisema unakwenda kukonda."

"Nilikwenda."

"Umeongezeka."

Ndipo nilipopata wazo langu la kisayansi. Ndege wanakula mpunga kwa sababu wana njaa. Mkwe anakonda iwapo hali wali. Basi wali wa mkwe wakipewa ndege, ndege watashiba, mpunga utapona, na mkwe atakonda, na bakuli litarudi tupu. Tatizo moja, suluhisho moja, pande zote zimeridhika. Ni mtu aliyesoma tu anayeweza kufikiri hivyo. Mtu wa kawaida angejua kwamba ndege ana ndugu.

Nikaanza kula samaki na mboga, na wali, kasoro kijiko cha heshima, nikautupa kwenye ukingo wa shamba. Wiki ya kwanza walikuja ndege wachache, wakala kwa adabu. Wiki ya pili walikuja na wenzao. Kufika Juni nilikuwa na waumini. Makopo yakilia waliinua vichwa tu. Nilipopiga kelele walisogea karibu, maana walikuwa wamekwisha jua kwamba sauti ile ndiyo ya mwenye chakula.

Lakini nilikonda. Suruali niliifunga kwa kamba ya mkonge. Magoti, ambayo yalikuwa yanalia kama bawaba kila nikipanda ngazi ya dungu, yalinyamaza. Na majipu, jambo hili nilikuwa silitamki hata moyoni kwa kuogopa kulishtua, hayakuja tena. Kidonda cha mwisho kilijifunga kimya kimya, kikaacha doa jeusi.

Wakati huo mabakuli yalikuwa yanaongezeka. Nilipolitazama bakuli la mchana niliona wali umepanda juu ya ukingo. Likaongezeka la tatu, la asubuhi, uji wa mchele wenye karanga. Sikuelewa. Sikufikiri kwamba kuna mtu aliyekuwa akiutazama mgongo wangu kila siku na kuuona unapungua, na kwamba mtu huyo alikuwa anapigana kwa silaha pekee aliyokuwa nayo.

Mchana mmoja baba mkwe alikuja bila taarifa kutazama kona ya mashariki. Aliwakuta ndege wamekaa kwa mistari juu ya paa la dungu langu, wanasubiri. Mimi nilikuwa chini kwenye kichuguu, bakuli mkononi, katikati ya kurusha.

Alisimama. Akatazama wali uliosambaa, akatazama mashuke ya kona ile, ambayo yalikuwa makapi matupu. Akanitazama mimi kuanzia kamba ya mkonge kwenda juu.

"Mwanangu," alisema, "hawa ndege wanakujua."

"Ndiyo, baba."

"Twende nyumbani."

Alituma mtu kwa mshenga. Jua lilikuwa bado juu tulipokaa uani: mimi kwenye kigoda, baba mkwe kwenye kiti chake cha kukunja, mshenga kwenye benchi akifuta matope miguuni. Mchumba wangu, aliyekuwa kwao kwa likizo, alisimama mlangoni na mikono kifuani. Nyuma ya ukuta wa matete hapakuwa na kikohozi.

"Mimi sina maneno mengi," baba mkwe alianza. "Kijana huyu alikuja na mwili. Sasa hana. Tumempa chakula, anakitupa. Mtu asiyeweza kula, anayekonda hivi, sisi tunamjua. Kaka yake huyu binti alirudi kutoka mjini hivyo hivyo. Alisema ni kazi nyingi. Tulimzika kabla ya mavuno."

Nilikuwa nimesikia kwamba kulikuwa na kaka aliyefariki. Sikuwa nimeambiwa kwa ugonjwa gani. Mchumba wangu alitazama chini.

"Kwa hiyo sema," mzee alisema. "Ukituambia kweli tutakuheshimu. Lakini ndoa itabidi tuiache."

Nilieleza. Nilianza vibaya, kama mtu mwenye chaki mkononi, nikataja chembe za mafuta na vichocheo, mpaka mshenga akakohoa na kusema, "Mwalimu, hapa hakuna mtihani." Nikaanza upya na mgambo. Nikasema mafuta yakijaa tumboni yanapeleka taarifa za uongo, askari wa mwili wanakesha bure, wanawapiga raia, na wadudu wa kweli wanapata mwanya. Daktari alinitaka nipunguze hayo mafuta ili askari wapumzike. Niliogopa kusema kwa sababu ya lile ambalo wanalifikiria sasa.

Baba mkwe aliinama mbele.

"Mafuta yako yanakusingizia kwa askari wako mwenyewe?"

"Ndiyo, baba."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Nimewahi kuhudumia kigango cha namna hiyo," mshenga alisema.

Mzee alishusha mabega kidogo. Kisha, kutoka nyuma ya matete, sauti ambayo sikuwahi kuisikia ikisema neno ikasema, taratibu, ikimwelekea mumewe:

"Muulize majipu."

"Majipu gani?"

"Alikuwa na majipu. Nilikuwa naona anavyokaa upande. Mwanangu alipokuwa akikonda vidonda viliongezeka, nilikuwa naviosha mimi. Kila alipopungua kingine kilitokea. Huyu je?"

Baba mkwe akanigeukia. "Vua shati."

Nilivua. Alivuta kiti, akavaa miwani yake iliyofungwa uzi, akaanza kunikagua kiuno kama mtu anayenunua ng'ombe ambaye hakuupenda mwonekano wake. Mshenga naye alisogea, ingawa hakuitwa.

"Moja hapa. Limekauka," mzee alitangaza.

"Jingine?" sauti iliuliza.

"Hapa. Limekauka. Na la tatu hivyo hivyo."

"Mapya?"

"Geuka. Hakuna mapya."

"Bonyeza."

"Nimebonyeza."

"Amelia?"

"Anacheka."

Ni kweli, nilikuwa ninacheka; nina mtekenyo wa kiunoni tangu utoto, na mafuta yaliyokuwa yakiuficha yalikuwa yamekwenda. Halafu nyuma ya matete nilisikia pumzi ikitoka, pumzi ndefu ya mtu anayetua mzigo wa kuni.

"Amekonda na vidonda vimefunga," sauti ilisema. "Basi siyo ule."

Nilifikiri yamekwisha. Mchumba wangu, ambaye hakuwa na tabia ya kuacha mambo yaishe, akasema kutoka mlangoni:

"Mama, mimi nilikuwa najua. Ni mimi niliyemtuma."

"Ulimtuma wapi?"

"Hapa. Aje akonde."

"Kwangu?"

"Ndiyo, mama."

"Ulimtuma mtu kwangu ili akonde?"

Kwa mara ya kwanza siku ile niliogopa kweli. Ugonjwa ulikuwa umeondolewa, lakini sasa palikuwa na tusi. Sauti ile ilieleza, kwa utulivu uliomfanya baba mkwe atazame miguu yake, kwamba yeye amelisha nyumba hii tangu akiwa mwali. Kwamba mafuriko yalipochukua mpunga wote watu walitoka kwake wameshiba. Kwamba bonde zima lilimwona mkwe akiingia kwake ni mtu na litamwona akitoka ni ufito. Na kwamba wali wake, wali wa nazi aliyoikuna kwa mkono wake, wameula kwelea kwelea. Watasema nini Michenga? Watasema mama fulani ana jiko ambalo mtu mnene akiingia anatoka mgonjwa.

"Mama ana haki," mshenga alisema, akilaza kichwa kwa huzuni ya kikanisa.

"Nisamehewe, mama," niliuambia ukuta wa matete, na nikagundua baada ya kusema kwamba nilikuwa nimevunja mwiko. Kuku alipita.

"Mwambieni," sauti ilimwelekea tena mumewe, "kama kukonda ni dawa, dawa hiyo haitatoka kwa daktari yule mwenye shingo kama ya korongo. Itatoka jikoni kwangu. Mwambieni avae shati."

Kesho yake bakuli liliwekwa kwenye kichuguu kama kawaida, makofi yakapigwa. Nilifunua. Mlenda, perege wa kuchemsha, na ugali wa ukubwa wa ngumi ya mtoto. Nilikula nikamaliza, nikalamba bakuli, na njaa ikabaki palepale. Siku iliyofuata ikawa matembele. Wali ulikuja Jumapili peke yake, kipimo cha kikombe, na bila nazi. Nilitambua kwamba nilikuwa nimehama kutoka kwa daktari mpole na kuingia kwa daktari asiyesikiliza maelezo. Ndege walisubiri siku tatu nne juu ya paa, wakaona hali imebadilika, wakahamia shamba la jirani.

Tulivuna kona tatu za shamba. Ya nne haikuwa na kitu cha kuvunwa, na baba mkwe aliwaambia watu kwamba imeliwa na kiboko. Mwezi wa saba damu yangu ilipimwa tena, na daktari alikitazama kimrija kwa muda mrefu akitabasamu peke yake. Chembe zilikuwa zinazama polepole, kwa uvivu, kama watu wasio na ugomvi na mtu. Aliniuliza nilitumia njia gani. Nilimwambia ni dawa ya kienyeji.

Ndoa tuliifunga mwezi wa nane. Suti niliyoshonewa wakati wa posa ilipunguzwa mpaka fundi akapata kitambaa cha kutosha kushona kaptula ya mtu. Tulipotoka kanisani nilisikia minong'ono niliyoitarajia. Walikuwa wanawake wawili wa ukoo kutoka milimani Mahenge, ambao waliniona mara ya mwisho siku ya posa; walisimama kivulini na khanga zao mpya, wakinitazama kuanzia kola hadi viatu. Mmoja akamwinamia mama mkwe wangu, aliyekuwa amesimama mbele yao, akamwambia kwa ile sauti ya chini ya miaka ile:

"Dada, mkwe mbona amekwisha hivi?"

Mama mkwe hakushusha sauti. Alizungumza kwa kiwango cha kusikika mpaka barabarani, na mshenga baadaye alikiri kwamba yeye katika maisha yake yote ya utumishi hakuwahi kufika pale.

"Huyu nimempunguza mimi," alisema. "Alikuja amejaa maji machafu. Na wewe, dada yangu, hayo magoti yanayokufanya uje kanisani na fimbo, ukimaliza kula pilau njoo tuzungumze."